Jumuiya ya watu wa vyama vyote: inaongozwaje siasa zikichemka?

Mkaazi_Wete

Assalaam alaykum. Jumuiya yetu ya wakulima wa mwani na mboga ina wanachama 60 na watumishi wanne wa kulipwa. Kila uchaguzi ukikaribia, mahudhurio yanashuka, mfadhili anasema "tusubiri hali itulie", na watumishi wanaulizana kama mishahara ipo. Katiba yetu imeandika haki, uwazi na kutobagua, lakini watu bado wanakuja kikaoni na kofia za vyama. Kiongozi awape watu matumaini gani ambayo si uongo, na aanzie wapi?

MshikaFedha

Wa alaykum salaam. Anzia kwenye fedha. Mtu asiyejua kama atalipwa hana masikio ya kusikia maadili.

Jumlisha gharama za mwezi zisizokwepeka: mishahara, kodi ya ofisi, umeme, mlinzi. Zidisha kwa tatu. Hiyo ndiyo akiba ya kuwa nayo kabla kampeni hazijaanza, na isiguswe bila ya kikao cha kamati tendaji. Mkiweza mwezi mmoja tu, waambieni watumishi ni mmoja.

Mfadhili msimwandikie kwamba hali ni shwari. Mpelekee kazi zenu katika mafungu matatu, kila fungu na bei yake: zitakazoendelea vyovyote iwavyo, zitakazosogezwa mbele, na zitakazosimama. Mara nyingi "tusubiri" ni jibu la barua isiyompa mtu cha kuchagua.

Saini za benki ziwe tatu, mbili zitoshe kutoa fedha, na wenye saini wasiwe wote Unguja wiki ya kura. Tarehe 29 Oktoba 2025 mtandao ulizimwa siku ileile ya kupiga kura, kwa hiyo mishahara ya mwezi wa uchaguzi ilipwe mapema, wiki moja kabla. Kumbuka pia kwetu Zanzibar kuna kura ya mapema, ya watendaji wa uchaguzi na walinzi: 2020 ilikuwa tarehe 27 Oktoba na kura ya wote 28, 2025 ikawa 28 na 29. Wanachama wenu watakaokuwa watendaji wa vituo hamtowaona siku zote mbili.

Orodha ya wanachama ichapishwe kwenye karatasi. Watu sita, kila mmoja na namba zake kumi za kupiga simu ya kawaida.

Katibu_Chake

Mimi niseme la maadili. Kutobagua kunaonekana kwenye orodha ya waliopata miche, si kwenye katiba. Mgao wa miche, mikopo au kamba za mwani uende hivi: vigezo viandikwe kabla ya fomu kutolewa, majina yafichwe, fomu zibaki na namba tu, watu watatu watoe alama, kila mmoja peke yake, kisha orodha ibandikwe ukutani siku tatu kupokea malalamiko. Kinachoharibu mpango huu ni kikaratasi cha majina kutoka kwa mkubwa fulani, "hawa wasaidiwe mwanzo". Jibu ni moja, kwa heshima: wajaze fomu kama wenzao.

Kiongozi anayechukua fomu ya kugombea akabidhi funguo, muhuri na saini siku hiyohiyo, hadi matokeo yatangazwe. Gari la jumuiya lisibebe watu wa mkutano wa chama chochote, hata kwa kulipia mafuta. Kofia na fulana ziachwe mlangoni, za vyama vyote. Na angalieni rangi za bango lenu! Kijani na njano zina wenyewe, zambarau nayo ina wenyewe. Huku Pemba mtu anasoma rangi kabla ya maneno.

Mwalimu_Micheweni

Nakubaliana na Katibu, ila msikataze siasa moja kwa moja. Ukiikataza kikaoni inahamia barzani, na huko hakuna wa kusahihisha uvumi. Waachieni watu dakika kumi mwanzo wa kikao waseme hofu zao, bila ya kutaja jina la mgombea.

Jengine ni utaratibu wa ugomvi. Maridhiano ya 2009 baina ya CCM na chama cha upinzani CUF yalizaa kura ya maoni ya 31 Julai 2010, asilimia 66.4 wakakubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa, ikaingia kwenye Katiba ya Zanzibar. Hata hivyo 28 Oktoba 2015 matokeo ya uchaguzi mkuu wa Zanzibar yakafutwa, na uchaguzi wa marudio wa 20 Machi 2016 CUF wakaususia. Kugawana madaraka kuliandikwa vizuri. La kufanya matokeo yakigombaniwa halikuandikwa vya kutosha. Basi nyinyi andikeni sasa: nani atakaa na wagomvi, ndani ya siku ngapi, na msuluhishi gani wa nje. Uchaguzi wenu wa ndani msiuweke Oktoba.

Mfuko wa maziko ndio usitetereke kabisa. Watu wetu wamewahi kugomeana maduka, harusi na hata misiba kwa sababu ya vyama. Sanda na usafiri vitoke kwa kiwango kilekile, siku ileile, kwa kila mwanachama. Hayo ndiyo matumaini anayoyaona mtu kwa macho.

Mkaazi_Wete

Nimefaidika, ahsanteni. Na kukizuka vurugu, kiongozi aseme nini?

Katibu_Chake

Maneno yasiyozidi dakika tano, na yaleyale kwa kila mtu: tunachokijua, tusichokijua, nani amefikiwa na nani bado, ofisi itafunguliwa lini. Usiahidi amani, huna mamlaka nayo. Ahidi tarehe ya kikao kijacho, na siku hiyo mlango uwe wazi hata wakija watu watano.