Mikangazi yangu inakauka ncha, nifanyeje?

Mpandamiti: Wakuu habari za humu. Nina mikangazi, hii miti ya mbao, kama 40 hivi, ina mwaka na nusu, ilikuwa inakwenda vizuri mingine imenipita kimo, sasa tangu mvua zianze naona chipukizi la juu linanyauka linakuwa jeusi, leo mti huu kesho ule, na kuna kitobo kinatoa kama unga wa mbao umeshikana na utomvu. Nimepiga dawa ya wadudu mara mbili hola. Inaniuma kweli maana nimeiotesha mwenyewe toka mbegu.

Kisu_na_Jembe: Pole sana mkuu. Huyo ni kiwavi anayetoboa machipukizi, kitaalamu Hypsipyla. Mama yake ni nondo, yule kama kipepeo wa usiku, anafuata machipukizi mapya ndo maana kaja na mvua. Dawa inapita juu yeye yuko ndani unamwaga hela bure. Pasua hilo chipukizi kwa urefu utamkuta. Kwenye mti kata chini ya tundu mpaka uone kiini kisafi, ulichokata choma moto usikiache shambani. Baada ya hapo mti utatoa machipukizi manne matano na hapo ndo wengi tunaharibu, tunayaacha yote mti unakuwa kichaka. Chagua moja lililonyooka lenye nguvu, mengine yang'oe kwa kidole yakiwa bado laini.

Mpandamiti: Daah nimepasua sasa hivi nimemkuta, wa bluubluu ana madoa meusi, handaki lote limejaa kinyesi chake. Kwa hiyo nitakuwa nakata kila mwaka?

Mama Kitalu: Sio milele mwanangu. Unachopigania ni gogo la chini linyooke mita 5 au 6, akitoboa juu ya hapo mbao yako iko salama. Ila ukipanda tena usipange mikangazi mitupu kwenye jua kali, mimi ya kwanza niliipanda hivyo ikaliwa karibu yote. Ya pili nikaichomeka katikati ya miti mingine, kivuli cha ubavuni na juu wazi, wanakuja lakini wachache na mti unakimbilia juu. Kivuli kisizidi lakini, utadumaa.

Mpandamiti: Asante sana mama, asante mkuu. Asubuhi naingia na kisu naanza na ile iliyonyauka zaidi.

Kisu_na_Jembe: Pita kila wiki mvua zikiwepo, ukiona unga mbichi kata hapohapo kabla hajashuka chini.