Mrejesho: Pampu ya sola ya kisima chetu, Chamwino
Ndugu zangu, niliwauliza namna wanakijiji tunavyoweza kuwa na sauti katika kubadilisha pampu ya dizeli ya kisima chetu iwe ya sola, nanyi mkanishauri niwasilishe jambo hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Nashukuru, nilifanya hivyo. Mjadala mkali ulihusu betri, hadi fundi alipoeleza kuwa maji yanayopandishwa tangini mchana ndiyo akiba yenyewe ya usiku. Paneli zimeelekezwa kaskazini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta, na akina mama wa kamati ya maji, ambao ndio waliodai mapato na matumizi yasomwe hadharani, huzifuta vumbi kila Jumamosi kwa kitambaa kibichi. Bei ya ndoo bado hatujaafikiana.