Nyumba ya kwanza Uingereza bila historia ya mikopo: mdhamini, kampuni ya udhamini, kulipa mbele, au kusubiri?

NesiWaNyanza – 9 Machi 2026

Hamjambo wapendwa. Nina miezi minne Leicester, nimetoka Kisumu kuja kufanya kazi ya unesi. Mtihani wa vitendo wa manesi wanaotoka nje (OSCE) nimepita, namba ya usajili imetoka, na mshahara umepanda kutoka daraja la 4 hadi daraja la 5, yaani pauni 31,049 kwa mwaka. Mume wangu na mtoto wetu wa miaka sita wanakuja mwisho wa Aprili. Chumba nilichopewa na hospitali hakiruhusu familia.

Nimepata nyumba ya vyumba viwili, kodi pauni 950 kwa mwezi, karibu na shule. Tarehe 6 nilitoa amana ya kuishikilia, pauni 219. Ajenti akanipeleka kwa kampuni inayokagua wapangaji. Jibu limerudi leo: kazi imethibitishwa, mshahara unatosha, lakini historia ya mikopo haionekani. Nitakubaliwa nikileta mdhamini anayeishi hapa Uingereza mwenye kipato cha angalau 34,200 kwa mwaka.

Sijawahi kukosa kulipa deni. Mkopo wa sacco nilimaliza kabla ya muda, na kule nyumbani kwenye CRB, kumbukumbu ya wakopaji ya Kenya, jina langu ni safi. Imeniuma kusoma neno "imekataliwa" juu ya jina langu.

Njia ninazoziona ni nne. Kuna mzee wa kanisani aliyesema anaweza kunidhamini. Kuna kampuni zinazodhamini watu kwa malipo. Nina akiba ya kulipa kodi ya miezi sita mara moja. Au niiache nyumba hii, nijenge historia kwanza, familia ije baadaye. Naombeni mnilinganishie kwa yale mliyopitia wenyewe.

MzeeWaCoventry – 9 Machi

Mwanangu, pole, na kwanza usilichukue jibu hilo kama hukumu juu ya tabia yako. Experian, Equifax na TransUnion, zile kampuni tatu zinazotunza historia za mikopo hapa, wanaandika yale yaliyotokea Uingereza tu. Hata kama TransUnion iko Nairobi pia, faili ya Kenya haivuki bahari. Usafi wako wa CRB hawauoni. Na aliyeacha deni kule, halionekani huku vilevile.

Kuhusu kiasi: wengi hutaka mshahara wa mwaka uwe mara 30 ya kodi ya mwezi. 950 mara 30 ni 28,500, umepita vizuri. Mdhamini hutakiwa mara 36, ndiyo hiyo 34,200 yao. Hapo hawajakuonea.

Nimedhamini vijana watatu kwa miaka kumi na moja. Wawili walilipa hadi mwisho bila neno. Wa tatu aliingia nyumba ya watu wanne kwa mkataba mmoja wa pamoja, na mimi nikasaini bila kusoma. Mwenzake mmoja alihama akaacha kodi, na barua ya madai ikaja kwangu. Mkataba ulisema mdhamini anawajibika kwa kodi yote ya nyumba, pamoja na uharibifu. Nililipa zaidi ya pauni 1,400 kwa ajili ya kijana nisiyemjua sura.

Kwa hiyo kabla ya kumfuata huyo mzee wa kanisani, omba karatasi ya udhamini uisome wewe, kisha umsomee. Ombeni iandikwe kikomo cha pesa na kikomo cha muda. Hili la muda lina uzito zaidi sasa, maana kuanzia 1 Mei mikataba ya England haitakuwa na tarehe ya mwisho, inakwenda mwezi kwa mwezi. Karatasi isiyotaja muda inaweza kumfuata mzee wa watu miaka.

BintiTanga – 9 Machi

Dada yangu, mimi nililipa miezi sita mbele mwaka 2023, Northampton. Sisi wa Dar tumezoea, kule mwenye nyumba anataka miezi sita au mwaka mzima na hakuna anayeshangaa. Nilimwambia dalali "pesa hii hapa", na ukaguzi wa mikopo haukuwa na kikwazo tena.

Ila nikuambie upande wa pili. Mwezi wa pili bafu likaanza kuvuja, ukuta wa chumba cha mtoto ukashika ukungu mweusi. Nilipiga simu, niliandika, nikatuma picha. Walikuja baada ya wiki tisa. Sikuwa na namna ya kuhama, kwa sababu kodi yangu yote ilikuwa mfukoni mwao tayari. Mwanangu alikohoa majira yote ya baridi. Ningekuwa nalipa kila mwezi, hata wao wangeharakisha.

Fundi_Sheria_Derby – 10 Machi

Niongeze kwa hili la kulipa mbele, kwa sababu wengi watasoma uzi huu baadaye. Sheria ya Haki za Wapangaji ya 2025 ilipata idhini ya mfalme tarehe 27 Oktoba 2025, na sehemu kubwa inaanza kazi England tarehe 1 Mei 2026. Mkataba utakaosainiwa kuanzia siku hiyo, mwenye nyumba haruhusiwi kudai wala kupokea kodi kabla ya mkataba kusainiwa, na baada ya kusaini hawezi kudai zaidi ya mwezi mmoja kabla ya upangaji kuanza. Kwa hiyo NesiWaNyanza, leo unaweza kulipa miezi sita kihalali. Mwenzako atakayefika Juni mlango huo ataukuta umefungwa, na mdhamini ndiye atakayeulizwa zaidi.

Mambo mengine ambayo dalali hatakuambia. Tangu 1 Juni 2019 ni marufuku kukutoza ada ya ukaguzi. Amana ya kushikilia nyumba haizidi kodi ya wiki moja, na amana kamili haizidi wiki tano. Kwa 950 ni kama pauni 1,096. Amana hiyo lazima iwekwe kwenye mpango wa ulinzi unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30. Na hii 219 yako wanaweza kuizuia kama ulitoa taarifa ya uongo inayopotosha, au ukijiondoa mwenyewe. Kwa kawaida kuna siku 15 za kukamilisha mkataba, ukihesabu na siku uliyotoa amana, kwa hiyo una hadi tarehe 20.

Kampuni ya udhamini: mwenye nyumba anaweza kutaka mdhamini, lakini hawezi kukulazimisha ununue huduma kwa kampuni aliyoichagua yeye. Ukiichagua kwa hiari, jua kwamba ada hairudi hata ukilipa kodi yako yote kwa wakati. Na kampuni ikikulipia deni, inakugeukia wewe kudai. Si bima yako, ni bima ya mwenye nyumba.

Mama_Wawili_Luton – 10 Machi

Mimi nitaitetea kampuni. Sikuwa na kanisa, sikuwa na shangazi, sikuwa na mtu hata mmoja hapa mwenye mshahara huo. Nilikuwa na watoto wawili ndani ya chumba cha kulala wageni kwa pauni 65 kwa usiku. Nililipa ada mara moja, siku tatu baadaye nikapata funguo. Ukihesabu siku ambazo ningeendelea kulipa ile hoteli, ada ilikuwa ndogo. Kumwomba mtu mzima usiyemjua sana abebe deni lako nako ni mzigo, kila ukikutana naye unajisikia unadaiwa.

Mwana_Kivu – 10 Machi

Dada, kabla hujalipa mtu yeyote, uliza kwanza walitafuta jina gani.

Mimi natokea Bukavu, niko Leeds mwaka wa sita. Mara ya kwanza nilikataliwa hivyohivyo, "hakuna historia". Nikaomba ripoti yangu kwa zile kampuni tatu, kila mmoja anayo haki ya kuipata bure. Historia ilikuwepo! Ila benki ilikuwa imeniandika kwa majina mawili, hati ya mshahara majina matatu, na viza ikaanza na jina la baba. Kompyuta yao ikatafuta mtu mwenye majina matatu kwenye anwani mpya, ikakuta hayupo. Mtu wa majina mawili alikuwa kwenye anwani ya zamani, analipa bili ya simu kila mwezi bila kukosa, na hakuna aliyejua kwamba ni mimi.

Sisi Waafrika wa majina mengi hili linatupata sana. Fomu ya ukaguzi huwa na sehemu ya majina mengine uliyotumia na anwani za miaka mitatu. Wengi tunaiacha wazi tukidhani ni ya waliobadili jina kwa ndoa. Ijaze yote, hata ile hoteli ya wiki ya kwanza kama barua ya benki ilifika pale.

Halafu daftari la wapiga kura. Wewe Mkenya una bahati ambayo mimi sikuwa nayo. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola mwenye viza halali ya kukaa hapa anaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura: Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda. Sisi wa Kongo na ndugu zetu wa Burundi, hapana. Jina likiingia kwenye daftari, kampuni za mikopo zinaweza kuthibitisha kwamba kweli unaishi pale. Mimi ilibidi nijenge kwa simu ya mkataba na kadi ya mkopo ya kiwango kidogo, nanunulia mafuta ya gari tu na kuilipa yote kila mwezi.

NesiWaNyanza – 10 Machi

Mungu wangu. Nimekimbilia pasipoti sasa hivi. Pasipoti ina majina matatu. Benki imeandika mawili, na anwani yao ni ya nyumba ya wageni niliyofikia wiki mbili za kwanza. Sikuwahi kubadilisha. Na kujiandikisha kupiga kura sikujua kabisa kama inaruhusiwa, nilidhani ningevunja masharti ya viza.

Barua ya mwenye nyumba wa Kisumu je, ina faida? Nilikaa kwake miaka mitano.

Mpangishaji_Mdogo – 11 Machi

Nijibu kwa sababu ninapangisha nyumba moja, Nottingham, na mimi mwenyewe nilitoka Machakos. Kampuni ya ukaguzi inataka barua pepe na fomu ya kujazwa. Mwenye nyumba wa Kisumu mwenye simu tu hawatamfuata. Lakini mimi kama mtu ningesoma barua yake, hasa ikiambatana na taarifa ya M-Pesa inayoonyesha kodi ikitoka kila tarehe 5 kwa miaka mitano. Hiyo kwangu ina nguvu kuliko alama za kompyuta. Kwa hiyo usiipeleke kwa kampuni peke yake. Mwombe ajenti aifikishe kwa mwenye nyumba pamoja na taarifa ya benki ya miezi mitatu na barua ya hospitali inayotaja mshahara na muda wa mkataba wako. Uamuzi ni wa mwenye nyumba. Ajenti wengi huona alama nyekundu ya kukataliwa wakaishia hapo, mwenye nyumba asijue kwamba aliyekataliwa ni nesi wa hospitali iliyo maili mbili kutoka pale.

Jambo dogo linaloharibu sana: ofisi ya utumishi ya mwajiri wako. Kampuni inawatumia barua pepe, inaangukia kwenye kikasha kisichosomwa, siku zinakwisha. Wewe hili umeshapita, ila wengine wapigie simu kabla.

Na ule msimbo wa kuthibitisha kwamba viza yako inakuruhusu kupanga, toa mpya kwenye tovuti ya serikali. Uliompa mwajiri huanza na W. Wa nyumba huanza na R. Mpangaji wangu mmoja alinitumia wa kazi mara mbili, tukapoteza wiki.

MzeeWaCoventry – 11 Machi

Naunga mkono. Kwa familia inayokuja, kusubiri miezi sita ujenge historia siioni kama njia. Kwa kijana asiye na mke wala mtoto ningesema panga chumba, tulia, jenga faili yako. Mtoto wa miaka sita anahitaji kuwa na mama yake na kuanza shule.

Kama ni lazima, anza na kurekebisha majina, kisha mdhamini mwenye kikomo, kisha kampuni. Kulipa mbele iwe mwisho, kwa yale aliyoyasema BintiTanga. Akiba yako itahitajika kununua vitanda na makoti.

NesiWaNyanza – 24 Machi

Wapendwa, narudi na habari.

Niliwaandikia kampuni ya ukaguzi, nikaongeza majina yote na anwani mbili za nyuma, wakarudia. Safari hii wamenitambua. Faili bado ni nyembamba, akaunti ya benki na laini ya simu tu, lakini lile neno "imekataliwa" limetoka, pamebaki pendekezo la mdhamini. Ajenti hakutaka kupeleka barua ya Kisumu mwanzoni. Nilimwomba mara tatu kwa adabu, mara ya tatu akapeleka. Kumbe mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Aliniomba tuonane, akasoma taarifa ya M-Pesa ukurasa kwa ukurasa, akauliza sacco ni nini, nikamweleza.

Amekubali mdhamini mwenye kikomo: kodi ya miezi mitatu, kwa mwaka mmoja tu, na udhamini unakoma hata mimi nikiendelea kukaa. Nilimsomea mzee wa kanisani kila mstari kabla hajasaini. Alisema ni mara ya kwanza mtu kumsomea.

Tumesaini tarehe 20. Nimelipa kodi ya mwezi mmoja na amana ya 1,096, na leo nimepata barua kwamba amana imesajiliwa. Benki wamenibadilishia majina, nilienda na pasipoti wakamaliza kwa dakika ishirini. Fomu ya wapiga kura nimejaza kwa anwani mpya.

Mwana_Kivu, ubarikiwe. Kuna dada wawili wa Eldoret wodini kwetu waliokuwa wamekataliwa kama mimi, nimewapa maelezo yako usiku huuhuu. Mmoja amekuta benki imeandika jina lake la ubatizo kwa herufi iliyokosewa.