Nimekatwa elfu hamsini kisa "staa wa dunia" ambaye hata meza kuu hawamjui

Wakuu salaam. Nina povu, mwenye haraka apite.

Mimi ni DJ wa harusi hapahapa Dar, mwaka wa 17 huu. Juzi Jumamosi nimepiga harusi moja huko Temeke, nimefunga vyombo saa nane usiku, naenda kwa mweka hazina kuchukua malizio yangu, naambiwa elfu hamsini imekatwa. Kisa? Katibu wa kamati, kijana wa miaka kama 24 hivi, alikuja na simu saa tano nimpigie wimbo wa "msanii namba moja duniani kwa sasa". Nikamwambia subiri kidogo, nikasahau. Hilo kosa nalibeba. Lakini elfu hamsini jamani?

Nikasema haya, tuulizane. Bwana harusi hamjui. Emsii hamjui. Mwenyekiti wa kamati akauliza kama ni yule winga mpya wa Simba. Tulikuwa watu kumi na mmoja pale nje ya ukumbi, waliomjua ni wawili: katibu na mchumba wake. Namba moja duniani!

Ndiyo nauliza, huo ukubwa wa dunia siku hizi unapimwa kwa mizani gani? Kila wiki naletewa mwingine, "DJ huyu ana watazamaji bilioni". Bilioni hiyo imetoka wapi? Kuna mashabiki wanapangana zamu kabisa, wanarudia video ileile usiku kucha ili namba ipande. Halafu mimi ndiye nikatwe hela.

Mama yangu alikuwa anauza maandazi Magomeni miaka ya 80. Televisheni hatuna, na si sisi tu, Tanzania Bara nzima haikuwa na kituo hadi 1994, wenzetu Zanzibar ndio walikuwa nacho tangu miaka ya 70. Lakini mama alimjua Michael Jackson. Hakumtafuta popote. Alimkuta kwenye fulana za mitumba, kwenye picha zilizobandikwa saluni, kwenye vibanda vya mikanda ya video, na kwenye vichwa vya vijana wa mtaani waliotia kalikiti, ile dawa ya kuviringisha nywele, mpaka foronya zikawa zinanuka mafuta. Jamaa akija kutembea kwa kurudi nyuma kama anateleza, mama anacheka, anampa andazi la bure. Halafu 1992 Michael mwenyewe akatua Dar, akaonana na Mzee Mwinyi. Hadi leo mama anaihadithia ile ziara utadhani alialikwa.

Kwangu mimi ikoni ni huyo, anayejulikana na mtu asiye na habari naye. Na ndiye huyo nasema hatazaliwa tena, mkasirike msikasirike.

Msinijie na hoja ya vipaji. Vipaji vimejaa, pengine kuliko zamani. Ila Mei 1983 Michael alipoonyesha ule mtelezo kwenye televisheni ya Marekani, watu zaidi ya milioni 40 waliuona usiku mmoja, babu na mjukuu kwenye kochi moja. Mjukuu akitaka asitake, babu akitaka asitake. Leo mimi na binti yangu tunalala nyumba moja, tunagawana bando, na sijawahi kusikia hata wimbo mmoja anaousikiliza. Ana spika zake masikioni. Simu yake inamlisha anachokipenda, yangu inanilisha muziki wa dansi wa Sikinde na Koffi Olomide. Huyo staa mpya atapitia mlango gani afike kwangu?

Na wenye hela nao wameshasoma mchezo. Mwaka 2024 iliripotiwa kampuni ya Sony wanachukua nyimbo za bendi ya Queen kwa kama pauni bilioni moja. Mwimbaji wao Freddie Mercury, mtoto aliyezaliwa Mji Mkongwe Zanzibar, amefariki tangu 1991! Mwaka huohuo Spotify, mtandao wa kusikiliza muziki, wakaanza utaratibu kwamba wimbo usiofikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi hata senti. Marehemu anawekewa bilioni, chipukizi ananyimwa nauli. Mwaka 2022 Kate Bush akawa namba moja Uingereza kwa wimbo wa 1985, kisa umewekwa kwenye tamthilia ya Netflix. Chipukizi anashindana na marehemu, na wazee, na kila kitu kilichowahi kurekodiwa. Mimi mwenyewe kwenye kompyuta yangu, ukumbi ukipoa, nakimbilia wapi? Huko huko kwa wazee. Najua, nami ni sehemu ya tatizo.

Najua mtakuja na Taylor Swift. Sawa, ziara yake ya 2023 hadi 2024 ilikuwa na maonyesho 149, mabara matano, zaidi ya dola bilioni mbili. Sisi bara letu alituruka, hilo tuliache. Lakini albamu yake ya kwanza ni ya 2006! Rihanna 2005. Beyoncé tangu miaka ya 90. Hao waliingia mlango ukiwa wazi. Bad Bunny, msanii wa Puerto Rico, aliongoza kusikilizwa Spotify miaka mitatu mfululizo, 2020 hadi 2022. Nenda sokoni Tandika umtaje uone utakavyotazamwa.

BTS, lile kundi la Korea, ndio wanaonipa shida kidogo, nakiri. Mpaka wasichana wa huku Mbagala wanajifunza Kikorea. Ila muulize mama wa huyo msichana awataje hata wawili kati ya wale saba. Atakwambia "wale watoto wa mwanangu".

Basi anayebisha aniletee jina moja. Msanii aliyetoka baada ya 2015, ambaye mama yako mzazi anamjua bila wewe kumwonyesha simu. Mpigie sasa hivi, muulize, uje uandike alichojibu. Msidanganye, mama zenu tunawajua.

Na wewe katibu, najua umo humu maana ulinionyesha jukwaa hili hili usiku ule ukitafuta ushahidi. Elfu hamsini yangu itume kwenye namba ileile mliyotumia kianzio. Na ya kutolea uongeze.