Nimenunua Canter ya kubeba taka, sasa naambiwa mtaa una wenyewe. Nifanyeje?

MtuWaCanter
Habari za jioni wakuu. Mimi niko Nairobi, upande wa Eastlands. Jina la mtaa nalibana, mtaelewa kwa nini. Mwaka huu nilitoka kazini, nikachukua akiba yangu yote, nikaongezea mkopo wa sacco na kununua Canter iliyotumika. Wazo langu lilikuwa taka. Ploti za kwetu ni za orofa tano, sita, na mitaro imeziba. Nilihesabu nyumba 400 kwa macho tu, kila moja shilingi 300 kwa mwezi, nikaona hesabu inacheka.

Nilianza na ploti sita, na makeateka, yaani wasimamizi wa ploti, walinipokea vizuri. Wiki ya tatu vijana wanne wakasimama mbele ya gari. Hawakutukana. Mmoja akasema, "Baba, gari ni zuri, lakini huu mtaa una wenyewe." Wanataka 20,000 ya kuingia, halafu 500 kila siku nikipita. Nikajitia ujuaji, nikawaambia nina leseni ya NEMA, ile mamlaka ya mazingira. Walicheka mpaka mimi mwenyewe nikakaribia kucheka. Kesho yake nilikuta magurudumu mawili yamechomwa kisu.

Nimeandikisha OB, kile kitabu cha matukio cha polisi. Aliyeniandikia aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshaongea na hao vijana.

Sacco inakata 18,000 kila mwezi, na mama watoto anasema niuze gari. Nilipe, nikaze, au niuze?

Kipara254
Lipa mkuu. 500 kwa siku ni hela ya parking. Biashara gani Nairobi haina mtu wa kupozwa?

Jirani wa Jaa
Kipara, wewe hujawahi kulipa hiyo 500. Ukiitoa Jumatatu bila kubishana, Ijumaa imekuwa 800.

MtuWaCanter, mimi nimekulia Korogocho, jaa la Dandora lilikuwa uwanja wetu wa kuchezea. Jaa lile lilianza miaka ya sabini, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa. Mpaka leo malori yanapanga foleni. Watu wa nje wanadhani kule ni uchafu tu, kumbe kinachogombaniwa ni mali: chupa, makopo, karatasi, vyuma, hata mifupa. Kila upande una mwenyewe. Lori la hoteli kubwa likiingia, kuna watu ambao ndio wa kwanza kuligusa, na wewe mgeni ukipeleka mkono utaondoka bila huo mkono. Anayeokota hamuuzii amtakaye, humuuzia mwenye upande wake kwa bei ya mwenye upande. Dereva naye anatoa ya langoni, ya kuongozwa, ya kupakuliwa. Kwa hiyo hiyo 500 yako ni ya mtaani tu, hujafika jaa bado.

Nikuulize kitu kimoja, na usinijibu hapa kama unaona aibu. Hizo taka za ploti sita unazimwaga wapi? Kama unazimwaga kando ya mto saa tano usiku, basi hao vijana hawahitaji kisu tena. Wana siri yako, na mwenye siri yako ndiye mwajiri wako.

MtuWaCanter
Mara mbili tu, Jirani. Foleni ilikuwa ndefu na gari lilikuwa linavuja.

Jirani wa Jaa
Acha leo hii.

Mbeba Boksi
Mimi niko Bronx, mwaka wa kumi na tisa sasa. Kazi yangu ya kwanza hapa ilikuwa kusafisha ofisi usiku, na mzee niliyekuwa naye zamu alipenda kusimulia habari za taka za New York. Baadaye nilizisoma mwenyewe, nikakuta mzee hakuongeza chumvi.

Hapa taka za majumbani zinabebwa na magari ya jiji, lakini maduka, mikahawa na maofisi hukodi makampuni binafsi. Kwa miongo kadhaa biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa Mafia, hasa familia za Gambino na Genovese. Sasa sikiliza ujanja wao: hawakuhitaji kumiliki malori yote. Walishika vyama vya wenye malori. Ukiwa ndani ya chama, mteja ni mali yako kama shamba. Mwenzio akikunyang'anya mkahawa, chama kinamwamuru akufidie kwa mteja mwingine au kwa pesa taslimu. Duka likifa na mtu mwingine akafungua jingine mlango uleule, bado ni lako, kwa sababu ulichomiliki ni anwani. Mwenye duka hakuwa na wa kumchagua. Akipiga simu kampuni nyingine, anaambiwa "samahani, njia hiyo ina mtu."

Si ndiyo lugha ya vijana wako hiyo?

Mwanzoni mwa miaka ya 90 kampuni kubwa kutoka Houston, Browning-Ferris, ilijaribu kuingia kwa bei nafuu. Februari 1993 mmoja wa wakubwa wake alikuta nje ya nyumba yake kichwa cha mbwa kilichokatwa, na karatasi inayosema "Karibu New York". Kilichowavunja wale watu ni kampuni ya kununua karatasi chakavu kule Brooklyn iliyobanwa na watu haohao hadi ikakubali kushirikiana na polisi. Mpelelezi Rick Cowan akaingia humo akijifanya meneja, akahudhuria vikao vyao kwa takriban miaka mitatu huku ameficha kinasa sauti. Juni 1995 wakashtakiwa watu 17, makampuni 23 na vyama vinne. Mwaka uliofuata jiji likatunga sheria: kila mbeba taka achunguzwe kwanza ndipo apewe leseni, na mkataba na mteja usizidi miaka miwili. Bei zikaporomoka. World Trade Center peke yake ilikuwa ikilipa kama dola milioni 3 kwa mwaka, ikashuka hadi kama 600,000.

Nimeandika marefu ili uone jambo moja. Hata kampuni yenye mabilioni haikuwatoa peke yake, ilibidi mwendesha mashtaka na polisi waingie. Wewe una Canter moja na mkopo. Usikaze.

Wakili wa Kijiweni
Simulizi tamu, Mbeba Boksi, lakini huku kwetu sheria hazijakosekana. Katiba ya 2010 iliipa kaunti kazi ya taka, NEMA inatoa leseni ya gari la kusafirishia, na tangu 2022 tuna Sheria ya Udhibiti Endelevu wa Taka. Tatizo ni kwamba leseni yako inasema unaruhusiwa kubeba. Haisemi utabeba kwa nani. Fuatilia kibali cha kaunti pia kama hukukichukua, kwa sababu kanjo, askari wa kaunti, wakikukamata bila hicho, genge litapiga makofi.

Halafu acha kukusanya noti mkononi. Andikiana mkataba na mwenye ploti mwenyewe, si keateka, na pesa ziingie kwa till, namba ya malipo ya simu. Keateka anabadilishwa na mtu yeyote mwenye chupa ya pombe. Ukitishwa tena, andika tarehe, saa, namba ya simu na maneno yaleyale waliyosema. Hiyo OB ya kwanza usidhani ni bure, inakuwa ya kwanza kati ya nyingi.

Mama Gunia
Mwanangu, pole na matairi. Mimi nanunua plastiki mwaka wa kumi na moja sasa, nina mzani wangu na vijana wangu. Nimesoma yote mliyoandika humu na hakuna hata mmoja aliyekuuliza: kabla hujaja na Canter, ni nani aliyekuwa akibeba taka za hizo ploti sita?

MtuWaCanter
Shikamoo mama. Kulikuwa na kikundi cha vijana wenye mikokoteni mitatu. Walikuwa wanachelewa, wakati mwingine wiki nzima, ndiyo maana makeateka walinikubali haraka.

Mama Gunia
Marahaba. Basi hapo ndipo pa kuanzia. Wewe umeingia na gari ukamnyang'anya mtu ugali, halafu unashangaa ugali una makucha. Sisemi waliokuchoma matairi wana haki, hapana. Lakini kuna wenye mikokoteni, na kuna anayekula juu ya wenye mikokoteni. Wa kwanza unaweza kukaa nao. Wakupandishie taka kutoka vichochoroni ambako Canter haifiki, uwalipe kwa wiki, chupa na makopo wachague wao waniuzie mimi au mwingine. Wa pili hakai na mtu. Tafuta kujua ile 500 inaishia mfuko wa nani.

Skrepa Kariobangi
Mama amesema. Mimi naongeza onyo moja tu. Hao wakishakuzoea, kuna siku mmoja atakuomba umpakilie gunia zito, "liweke chini ya taka, utalishusha mbele." USIKUBALI. Lori la taka halipekuliwi, nani atatia mkono mle? Ndiyo maana wanalipenda.

Mnakumbuka Januari 2022? Nguzo za laini ya umeme ya Kiambere kuja Embakasi zilianguka baada ya vyuma vyake kung'olewa, tarehe 11 nchi ikaingia gizani. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara yote ya vyuma chakavu. Mimi nilikuwa na yadi na leseni na daftari la kila aliyeniuzia, kama sheria ya 2015 inavyotaka, na nilikaa zaidi ya miezi mitatu bila kuuza hata msumari. Waliokata nguzo sijui walilala wapi, mimi nililala njaa. Gunia moja likikutwa kwenye Canter yako, hakuna atakayeuliza ni la nani.

Mtoto wa Temeke
Huku Dar kikundi au kampuni inapewa mtaa kwa mkataba na halmashauri, na kero zetu ni za wakazi kukataa kulipa. Kuchomwa matairi bado sijasikia kwangu. Ila na sisi kupata huo mkataba ni lazima ujuane, tusijidanganye.

Kipara254
Sawa, mmenishinda. Lakini mwambieni basi sacco inalipwa na nini mwezi huu.

MtuWaCanter
Nimerudi wakuu, asanteni sana. Nimekaa na mwenye mikokoteni, tukanywa chai kwa saa nzima. Ni kijana wa miaka 24, ana mtoto. Anasema matairi hakuyagusa yeye, na nimemwamini nusu. Kati ya 500 walizotaka kwangu, wao wangebaki na 100. Zilizobaki kuna mtu anazipitia kila Jumamosi na gari nyeusi, na hata wao wenye mikokoteni humlipa. Jina hakunitajia, na mimi sikuuliza mara ya pili.

Tumekubaliana ploti mbili nimrudishie, nne tubebe pamoja. Sacco wamenikubalia nilipe nusu kwa miezi miwili. Kando ya mto sirudi. Tatizo ni kwamba leo jioni nimepigiwa simu na namba nisiyoijua, mtu mwenye sauti ya upole kabisa, anasema amesikia nimeanza kushirikisha vijana, jambo zuri, na angependa tuonane Jumapili nyuma ya soko. Nije na gari, akasema, alione.

Jirani wa Jaa
Gari liache kwa shemeji. Hiyo namba mpe Wakili leo, na mahali pa kuonana chagua wewe, mchana, penye watu.

Mama Gunia
Nami nitakuja, mwanangu. Niambie saa.