Sheha anaweza kuteua kamati ya barabara?

Mchumaji wa Kusini Pemba:
Assalamu alaikum. Naomba mwenye kuijua sheria ya huku kwetu anisaidie.

Alhamisi walikuja vijana wawili shambani kwa mama, na kopo la maziwa limetiwa rangi nyekundu. Wakapiga msalaba mikarafuu mitatu, eti njia ya ndani inatanuliwa. Mama akawauliza, "Kakutumeni nani?" Kamati. Kamati gani? Ya watu watano, kaiteua sheha, yaani mkuu wa shehia yetu. Nikenda kwa sheha, akasema karuhusiwa na diwani. Diwani akasema amri ya mkurugenzi. Kule baraza karani akanirejesha kwa sheha.

Shamba ni la eka tatu, marehemu baba alipewa baada ya Mapinduzi. Mkarafuu mmoja katika hiyo ni mkubwa, msimu ukiwa mzuri huupanda wachumaji watatu kwa pamoja. Barabara siipingi wallahi. Mwaka juzi shemegi yangu alishikwa na uchungu usiku wa mvua, tukampeleka kwa gari la ng'ombe mpaka kwenye lami. Ninachouliza: nani mwenye mamlaka ya kumteua mtu aamue njia ipite wapi?

Mpita Njia:
Nendeni TARURA, ule wakala wa barabara za vijijini na mijini, barabara za vijijini ni zao. Na huyo kiongozi wa mtaa si mlimchagua wenyewe? Mtoeni kwa kura.

Bi Mstaafu, Wete:
Mwanangu, hayo ni ya Bara. TARURA haifanyi kazi Zanzibar, na serikali za mitaa si jambo la Muungano. Huku hakuna mwenyekiti wa mtaa wa kupigiwa kura. Sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa mapendekezo ya Mkuu wa Wilaya, soma Sheria ya Tawala za Mikoa Nam. 8 ya 2014. Hao wakuu wawili, na mkurugenzi wa baraza, wote huteuliwa na Rais wa Zanzibar.

Sasa wewe mchumaji, tazama vizuri. Katika wote waliokuzungusha, aliyepigiwa kura ni diwani peke yake. Huyo ndiye wa kumkalia kitako. Muulize kikao gani cha baraza kilipitisha njia hiyo, akuoneshe muhtasari. Nimefanya kazi za ofisi miaka mingi, na jambo lisilo karatasi kila mtu humtupia mwenzake. Sheha kuonesha mipaka, sawa. Kuchagua watu watano waamue vipando vya nani vikatwe, hilo mimi silikubali.

Fundi Kalvati:
Bi mkubwa kasema. Naongeza moja: ulizia njia hiyo iko kwa Wakala wa Barabara wa huku Zanzibar au kwa baraza. Ikiwa ya Wakala, basi hata huyo diwani unamwonea. Na fidia ya vipando idai kwa maandishi kabla ya greda kufika, mti ukishalala chini utabishana na kisiki.

Mchumaji wa Kusini Pemba:
Ahsanteni sana, Bi mkubwa Mungu akuweke. Barua nimeiandika usiku huu kwa mkurugenzi, nakala kwa Mkuu wa Wilaya, nauliza mambo mawili tu: njia ni ya nani, na waraka wa kuwateua wale watano uko wapi. Jumatatu naipeleka mwenyewe nigongewe muhuri wa kupokelewa. Mama tangu alasiri yuko kwenye ule mkarafuu mkubwa, anausugua msalaba kwa kumbi na maji ya jivu. Rangi haijatoka.