Mpira umewahi kuijengea nchi hii nini? Naombeni hoja za kweli kabla ya mkutano wa mtaa

Kijana_wa_Uwanjani

Wakuu habari za jioni.

Naombeni msaada wa hoja maana Jumapili kuna mkutano wa mtaa na nataka niende nimejipanga. Kwetu kuna kiwanja cha mpira, sio kizuri, ni vumbi tupu na magoli ya miti, ila ndo kiwanja pekee kilichobaki, madogo wanapiga chandimu pale na upande wa pili kina dada wa netiboli wanafanya mazoezi jioni. Sasa imeletwa hoja zijengwe fremu za maduka ili mtaa upate mapato. Kikao kilichopita mzee mmoja akasimama akasema mpira ni starehe ya wasio na kazi, haujawahi kuijengea nchi hii kitu, na watu wakapiga makofi. Iliniuma.

Swali langu: zamani michezo ilikuwa na kazi gani kwenye jamii zetu na leo ina kazi gani? Nataka vitu vyenye majina na miaka, sio "michezo ni afya", hiyo wameshaisikia na hawaijali.

---

Mzee_wa_Gerezani

Kijana wangu, huyo mzee mwenzangu kama kakulia Dar es Salaam hii hii basi kasahau.

Anzia mbali kidogo, kabla ya mpira kushika. Enzi za vita ya kwanza ya dunia na baada yake kulikuwa na ngoma ya beni, makundi makubwa mawili Marini na Arinoti, watu wanavaa sare, wana vyeo vyao, tarumbeta na ngoma, wanashindana nani kapendeza nani kacheza vizuri. Lakini lile lilikuwa zaidi ya ngoma. Mtu katoka bara kaja mjini hana ndugu, akijiunga na beni tayari ana watu, akiugua anatazamwa na akifa anazikwa kwa heshima. Mpira ulipokuja mijini ulirithi kazi hiyo hiyo.

Yanga imeanzishwa 1935. Mwaka uliofuata wengine wakajitenga wakaunda timu yao, ikaitwa Queens, ikaja kuwa Eagles, ikawa Sunderland, mpaka 1971 ndo ikaitwa Simba. Vijana wa leo mnaona ni timu za kununua wachezaji wa nje tu, lakini zile zilikuwa klabu za wanachama, mtu ana kadi, analipa ada, ana tawi lake, na tawi likisikia mwenzao kafiwa wanachanga na wanakwenda. Marehemu baba alikuwa na kadi mbili, ya Yanga na ya TANU, zote kaziweka bahasha moja ndani ya sanduku pamoja na cheti cha ndoa. Hakuwa peke yake, wana Yanga wengi wa wakati ule ndo hao hao wana TANU. Mkoloni alikuwa na jicho kali kwenye siasa, lakini watu kukaa klabuni kuzungumza mpira nani atawauliza? Hapo ndipo watu walijifunza kuitisha kikao, kuchagua katibu, kutunza daftari la fedha, na kumuondoa kiongozi anayekula michango. TANU ilipozaliwa 1954 ilikuta watu wameshazoea mambo ya chama.

Baada ya uhuru ukaja wakati wa mashirika. Pamba ya Mwanza, Reli ya Morogoro, Bandari ya Mtwara, Ushirika ya Moshi. Kijana akijua mpira anapata ajira shirikani, mchana yuko kazini jioni yuko mazoezini, na Jumamosi mkoa mzima una pa kwenda. Mashirika yalipobinafsishwa na mengine kufa miaka ya 90 nyingi ya timu zile zikafa au zikabaki jina tu, mikoa ikabaki inashangilia timu mbili za Kariakoo, Simba na Yanga, kupitia redio. Mwambie mwenzangu huyo aulize watu wa Morogoro walichopoteza.

---

Mkimbiaji_Manyara

Mzee kamaliza upande wa mpira mi niongeze riadha, maana kila ikitajwa michezo nchi hii watu wanawaza Simba na Yanga tu wakati heshima kubwa ya dunia tumeipata kwa miguu ya wakimbiaji.

Februari 1974, Christchurch New Zealand, Michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali ya mita 1500. Filbert Bayi kaondoka mbele toka mlio wa bastola, hakuna wa kumvuta, hajifichi mgongoni kwa mtu, anaongoza mzunguko baada ya mzunguko na watu wanangoja achoke. Hakuchoka. Dakika 3:32.16, rekodi ya dunia. Aliyemfuata ni John Walker, mwenyeji, naye muda wake ulikuwa chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata Bayi akachukua na rekodi ya maili kule Kingston, afu Walker akaivunja miezi michache mbele. Kwa hiyo dunia nzima ikawa inasubiri Montreal 1976 wakutane.

Hawakukutana. Timu ya raga ya New Zealand ilikwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu, mwaka ule ule watoto wa Soweto wanapigwa risasi. Nchi za Kiafrika zikataka New Zealand iondolewe Olimpiki, haikuondolewa, zaidi ya nchi 20 zikagoma na Tanzania ilikuwa mstari wa mbele. Walker akachukua dhahabu, Bayi kabaki. Fikiria kijana yuko kwenye ubora wake, rekodi anayo, nchi inamwambia hatuendi kwa sababu kuna watu wanabaguliwa kusini. Hiyo ndo kazi ambayo michezo iliifanya, nchi maskini isiyo na silaha za kutisha mtu iliweza kusema hapana na dunia ikasikia.

Moscow 1980 Bayi akaleta fedha ya mita 3000 kuruka viunzi na maji, Suleiman Nyambui fedha ya 5000. Mpaka leo hizo mbili ndo medali zetu zote za Olimpiki. Ila Septemba 2025 Alphonce Simbu kachukua ubingwa wa dunia wa marathoni Tokyo, kamzidi Mjerumani kwa sehemu tatu za mia za sekunde baada ya kilomita 42, mi nilipiga kelele mpaka jirani kaja kuuliza kuna nini.

Halafu dogo, kabla hujaenda kubishana na wazee nenda halmashauri kaulizie ramani ya mipango miji. Kama hapo pameandikwa eneo la wazi au uwanja wa michezo, mkutano wa mtaa peke yake hauna uwezo wa kubadilisha matumizi. Nenda na karatasi mkononi.

---

Mpenda_Ukweli

Mimi naomba nitofautiane kidogo, msinishambulie. Hayo yote ya zamani nayakubali ila swali limeuliza na leo. Leo hii mimi naona mpira umekuwa mlango wa kubeti. Njoo kibanda umiza cha mtaani kwetu Jumamosi, benchi zimejaa vijana wa miaka 18, 20, kila mtu kashika simu, hawaangalii nani anacheza vizuri, wanaangalia kona ngapi na kadi ngapi za njano. Goli limefungwa ligi ya nchi ambayo hata kwenye ramani hawezi kuionyesha, mmoja anaruka, mwingine anatukana mkeka (orodha ya mechi alizobetia) umechanika, na hela yenyewe ilikuwa ya kodi ya chumba. Jezi za timu zetu zimeandikwa kampuni za kubeti kifuani na watoto wa darasa la tatu wanazivaa. Mzee wa mtaa aliposema ni starehe ya wasio na kazi inawezekana anachokiona ndo hicho na mimi simlaumu.

---

Mama_Netiboli

@Mpenda_Ukweli unachokieleza nakijua, nina kijana ndani ya nyumba na simu yake imejaa mikeka. Ila tuangalie vizuri, aliyeko kibanda umiza hachezi, anatazama. Ukiondoa kiwanja unakuwa umempeleka huko huko, maana sasa saa kumi na moja jioni akatoke aende wapi?

Na kuna watu hamjawataja mpaka sasa. Nimekuwa mwalimu wa michezo shule ya msingi, nimepeleka watoto UMITASHUMTA, yale mashindano ya michezo ya shule za msingi, na nawaambieni kwa msichana wa kijijini ile timu ya netiboli ya kata inaweza kuwa mara ya kwanza analala nje ya kwao, anapanda basi kwenda wilayani na anaulizwa jina lake na mtu mkubwa anayeliandika. Mzazi aliyekuwa anawaza kumuozesha anaanza kusikia binti yake anasifiwa mnadani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 michezo hiyo ya shule ilisimamishwa kwa muda, ikasemekana inapoteza muda wa masomo. Sisi tuliokuwa mashuleni tuliona ufaulu haukupanda kwa ajili hiyo, tulichoona ni utoro.

Sa hivi mabinti wanacheza mpira wenyewe. Twiga Stars walifika fainali za Afrika 2010, wakarudi tena Morocco 2025. Simba Queens walimaliza wa nne Ligi ya Mabingwa Afrika ya wanawake 2022. Clara Luvanga anacheza Al Nassr ya Saudia na analipwa kwa miguu yake. Hao wote wameanzia kwenye vumbi, hakuna aliyeanzia kwenye nyasi bandia. Mkijenga fremu zile msichana atakayeumia ni yule ambaye hata nyumbani hana pa kuchezea, kaka zake angalau watakaba barabara waweke mawe mawili wacheze, yeye ataambiwa rudi ndani uoshe vyombo.

---

Wa_Eldoret

Salamu kutoka Kenya wadau. Niongeze moja, tusiseme michezo inaunganisha watu kila wakati, inategemea venye imepangwa. Huku klabu zetu kubwa zilianza na ukabila wazi kabisa, Abaluhya ilikuwa ya Waluhya na Gor Mahia ya Waluo, ndiposa karibu 1980 serikali ikaamuru majina ya kikabila yatolewe. Abaluhya ikawa AFC Leopards, Luo Union ikawa Re-Union. Jina lilibadilika lakini mashabiki walibaki wale wale, na uwanjani bado kulitokea mawe. Lakini pia Gor ilipochukua kombe la Afrika la washindi 1987 Nairobi nzima ilisherehekea, mpaka watu wa Leopards.

Yenye mimi huiheshimu zaidi ni kazi ya Tegla Loroupe. Yeye ni wa West Pokot, ndiye mwanamke wa kwanza Mwafrika kushinda New York marathoni, 1994, na 1995 akarudia. Angekaa Ulaya akule pesa yake. Badala yake 2003 akaanzisha mbio za amani huko kwao, ambapo Wapokot, Waturkana na Wakaramoja wanaoibiana ng'ombe na kuuana wanakimbia barabara moja na namba kifuani. Mwenye jana ulikuwa unamuwinda na bunduki leo mnachota maji kwa meza moja. Mbio haziondoi ukame wala shida ya malisho na wizi haujaisha, hilo lazima lisemwe, lakini wazee wa pande zote mbili wanapata mahali pa kukaa bila silaha, na hapo mazungumzo yanaanza. 2016 huyo huyo Loroupe aliongoza timu ya wakimbizi Olimpiki ya Rio, watano kati ya wale kumi walikuwa vijana wa Sudan Kusini kutoka kambi ya Kakuma.

---

Kijana_wa_Uwanjani

Dah asanteni sana. Mama_Netiboli hilo la wasichana sikuwa nimelifikiria kabisa, naomba ruhusa nilitumie. Mzee wa Gerezani swali moja: wakisema mtaa hauna hela ya kutunza kiwanja nijibu nini?

---

Mzee_wa_Gerezani

Waulize viwanja vya mikoani vilijengwaje. Vingi ni vya enzi za chama kimoja, wananchi walichangishwa na wengine wakatoa nguvu kazi, wala hakuna aliyesubiri mfadhili. Leo viko mikononi mwa CCM na huo ni mjadala mwingine mrefu, siuingii hapa. Lakini waliochanga hawakuwa na hela kuliko nyinyi. Undeni kamati ndogo, muwe na mweka hazina asiye na tamaa, kila timu inayokuja kucheza mechi ya mchangani itoe kitu kidogo, wanaofanya bonanza walipie, mama lishe na wauza maji siku ya mechi nao wachangie. Chukueni na mwanamke mmoja au wawili kwenye kamati, kina mama wa vikoba wanajua kutunza daftari. Andika majina ya kamati kabisa kabla ya Jumapili, uwasomee hapo hapo mkutanoni.